Gari la Siti Mbili na Maji ya Mvua

Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka sokoni Migwani, kwa hiyo kila neno lililosemwa juu ya gari letu nililisikia kabla halijafika mbali. Wengine waliliita kiatu. Wengine waliliita karai, kwa sababu halikuwa na paa la bati na aliyeketi ndani alionekana kichwa na mabega tu, kama mtu anayeoga. Mshona viatu aliyekaa upande wa pili wa mlango aliapa kwamba Mzungu aliyelitengeneza aliishiwa na bati katikati ya kazi akaona haya kusema. Niliwaacha wacheke. Mimi mwenyewe nililicheka siku ya kwanza.

Lilikuwa gari la mbio, la Kiingereza, la siti mbili, lenye rangi ya kijani iliyokuwa imeanza kugeuka majivu. Mume wangu alilipata Makindu, miaka michache baada ya uhuru, alipokuwa fundi katika gereji moja kando ya barabara ya Mombasa. Meneja wa shamba la katani alikuwa anarudi kwao, gia boksi ya gari imekufa, na hakuna aliyelitaka. Mume wangu alilibeba juu ya lori, akalifufua polepole kila alipomaliza kazi za watu. Mimi nilikuwa najifunza kushona papo hapo Makindu, na mlango wetu ulitazamana na gereji. Sitaeleza jinsi tulivyojuana. Inatosha kusema kwamba nilishona paa la turubai la gari lile kabla sijashona gauni langu la harusi, na turubai ndilo lililotoka vizuri zaidi.

Aliyenifundisha kushona alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa pwani, mkali wa kupindukia. Kila asubuhi kabla hatujagusa kitambaa alitufanya tufungue mashine, tutoe vumbi na vipande vya nyuzi kwa brashi, kisha tutie tone la mafuta kila penye tundu lake. Ilifanyika hivyo mashine ikiwa na shida au isiwe nayo. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunasumbukia mashine inayokwenda vizuri.

"Mwanangu," akasema, "ikilia, ujue imeshaumia. Kazi yako wewe ni isilie."

Maneno hayo niliyabeba hadi Migwani nilipoolewa, nikayakuta hayana rafiki. Mume wangu alikuwa fundi hodari, hilo hata maadui zake walikubali, lakini alikuwa fundi wa wagonjwa mahututi. Lori likiletwa kwenye gereji yake likiwa limekufa kabisa, aliamka mapema na kula haraka ili akalione. Gari linalotembea vizuri lilimchosha. Akiliangalia alisema, "Hili liko sawa," akalipa mgongo. Na gari letu wenyewe lilikuwa la mwisho kwenye foleni, kama mke wa fundi cherehani anavyovaa gauni lililopasuka. Nasema hivyo nikiwa fundi cherehani, na gauni langu lilikuwa limepasuka kwapani.

Sasa nieleze kwa nini gari hilo lilikuwa na maana kwangu, maana bila hilo hamtaelewa vurugu niliyoifanya baadaye.

Nyumba yetu ilijaa watu. Kulikuwa na watoto wetu, na watoto wa dada zake waliokuja kusoma karibu na soko, na wasichana niliokuwa nawafundisha kushona, na kila mara mgeni mmoja asiyejulikana ataondoka lini. Sikuwa na pembe ya kukaa na mume wangu nikamwambia jambo la watu wawili. Nje ndiyo kabisa. Siku zile, kwetu, mume na mke hawakutembea sambamba. Yeye alitangulia na fimbo yake, mke akafuata nyuma na mzigo wake, na kati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha mbuzi. Wangetembea bega kwa bega watu wangesimama kuwatazama, na jioni wangekuwa habari ya soko.

Gari la siti mbili halikujua adabu hiyo. Lilituketisha bega kwa bega, mbele za watu wote, na hapakuwa na la kufanya. Tena hakuna aliyeweza kuomba lifti. Kama tungekuwa na pikapu, ingekuwa ya kijiji kizima: wazee mbele, kina mama na kuku nyuma, nami juu ya gunia la mahindi. Jumapili alasiri mume wangu aliwaambia watoto, "Injini inataka kupashwa moto," nasi tukaondoka, tukaifuata barabara ya kwenda Kitui mpaka tulipoishiwa na maneno, kisha tukageuza. Ndani ya gari lile tuliamua mtoto gani aende shule gani. Ndani yake alinieleza siku moja kwamba anaogopa kuzeeka kama baba yake, bila kusema na mtu. Sijawahi kusikia akilisema hilo mahali pengine popote.

Basi, twende kwenye aibu yenyewe.

Kaka yake mkubwa aliishi Kyuso, ambako alilima ndengu na kufuga ng'ombe. Alikuwa dereva wa lori la kutengeneza barabara mpaka alipostaafu, mtu mrefu, mzito wa kucheka. Baba yao alifariki mapema na yeye ndiye aliyemlea mume wangu, kwa hiyo neno lake katika ukoo lilikuwa neno. Tulimtembelea mara kwa mara, na njiani tulisimama kwa jamaa wengi. Kule mgeni akifika na punda, punda hunyweshwa kabla mgeni hajamaliza kusalimia. Watu wa kule waliona gari letu likivuta pumzi ya joto, boneti limefunguliwa lipoe, nao wakafanya walichofundishwa na mama zao. Walilinywesha. Kila nyumba ilimimina kibuyu chake ndani ya rejeta, penye maji ya kupoza injini.

Maji yenyewe yalichotwa kwenye visima vya mchanga, na yalikuwa ya chumvi. Mume wangu alijua kabisa chumvi inafanya nini ndani ya injini. Lakini nani angemzuia mama aliyetoka na mtungi kisimani jua likichomoza, akamwambia kwamba maji yake hayafai hata kwa gari? Alisema "Muvea mono," ahsante sana, akawaacha wamimine. Mimi pia nilishukuru. Kwa miaka yote hiyo chumvi iliganda ndani kama inavyoganda kwenye sufuria ya chai, mpaka njia za maji zikawa nyembamba kama uzi.

Jumapili moja, tukivuka mto wa mchanga karibu kabisa na kwa shemeji, gari lilichemka. Mvuke ulipanda, kukasikika mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa, injini ikanyamaza. Gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imeungua. Shemeji aliletewa habari, akaja na maksai wake wanne, akawafunga mbele ya gari la mbio la Kiingereza. Tulivutwa polepole kupita kanisa, na ibada ndiyo kwanza imekwisha. Watu walijipanga pande zote mbili kama wanaopokea mgeni wa serikali. Nilikuwa nimevaa kofia yenye ua, na hapakuwa na mahali pa kujificha kwa sababu paa nilikuwa nimelikunja mwenyewe asubuhi.

Jioni shemeji alituketisha.

"Sikia, ndugu yangu," akasema. "Hii gari nimevuta mara ya mwisho. Siku maksai yangu itafungwa tena kwa hii kitu, hiyo injini inatoka. Inakuja hapa kusaga mahindi."

"Injini ya petroli kwa mashine ya posho?" mume wangu akasema. "Itakunywa kushinda vile itasaga."

"Hata saa hii inakunywa, na haisagi kitu. Wamama wa hapa wanabeba mahindi kwa mgongo mpaka sokoni na kurudi. Wewe una injini nzima ya kubeba watu wawili. Hiyo ni haki?"

Mume wangu alitazama chini. Nilitamani kumchukia shemeji nikashindwa, kwa sababu mke wake alikuwa ameketi karibu na mlango akichambua ndengu, na shingo yake ilikuwa imeinama kidogo upande mmoja kwa miaka ya kubeba. Alikuwa mama mpole, mwenye maneno machache, na hakuinua macho wakati wote huo.

"Umesikia?" shemeji akauliza.

"Nimesikia."

"Na mama watoto amesikia?"

"Nimesikia, shemeji," nikasema, na moyoni nikawa na hofu isiyo na jina. Kama injini ile ingeng'olewa, ningebaki na mume na nyumba na watoto, na nisingekuwa na mahali pa kuzungumza naye.

Tuliporudi Migwani, gari likiwa juu ya lori, na gasketi kupatikana, nilifunga cherehani mapema nikaenda gereji. Nilimwambia mume wangu kwamba kuanzia siku hiyo gari lile ni cherehani. Halitangoja kulia.

"Mama watoto, mimi ndiyo fundi," akasema.

"Wewe ni fundi wa matanga," nikamjibu. "Mimi nataka liwe zima."

Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Nikajua nimeshinda, kwa sababu alipokuwa hakubaliani nami hakucheka.

Kazi ya kwanza ilikuwa rejeta. Mafundi wa mjini walikuwa na dawa zao za kusafisha, lakini mimi nilifikiria birika langu. Birika likishika magadi ya maji ya chumvi, tulichemshia humo ukwaju ukayang'oa, na kwetu ukwaju huanguka wenyewe njiani. Nilichemsha sufuria nzima, nikauchuja kwa kitambaa, mume wangu akaumimina ndani huku akitikisa kichwa. Tuliuacha ulale humo. Asubuhi alipofungua bomba la chini yalitoka maji ya rangi ya kutu yenye magamba meupe, na akaacha kutikisa kichwa. Tulisuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia.

Kisha tukajaza maji ya mvua kutoka kwenye tangi letu la mabati, na dumu lingine la maji hayo hayo likawa linasafiri nyuma ya siti yangu. Lakini ningewafanyaje wenyeji wetu wakarimu? Nilishona kofia ya kitambaa kinene cha drili ya kufunika kifuniko cha rejeta, nikaifunga kwa fundo nililojua mimi peke yangu. Mtu akija na kibuyu nilimwambia kwa sauti ya huzuni kwamba gari liko kwenye dawa na daktari amelikataza maji. Walielewa mara moja. Kuna bibi mmoja njia ya Kyuso ambaye kila tukipita alisimama uani kwake akapaza sauti, "Aiya! Mgonjwa anaendelea aje?" Nasi tukamjibu kwamba hajambo.

Tangu hapo Jumamosi alasiri ikawa ya sevisi. Injini ikiwa bado na joto tulimwaga oili, kwa sababu ikiwa moto hutoka na uchafu wake wote. Mume wangu aliipaka kati ya vidole viwili akanifundisha kusikia chembe za chuma, na vidole vyangu, vilivyozoea kutofautisha hariri na nailoni gizani, vilijifunza upesi. Tulichomoa plagi tukaangalia rangi ya ncha zake. Ikiwa ya chai ya maziwa, tulifurahi. Nyeusi ilikuwa na maana yake, nyeupe ilikuwa na yake mbaya zaidi. Chujio la hewa nililiosha kwa mafuta ya taa na kulilowesha oili, maana vumbi la barabara zile huingia hata ndani ya yai. Petroli niliichuja kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili. Kisha yeye aliingia chini, na mimi nikampa spana bila kuangalia, kwa sauti ya mkono wake. Aliingiza kidole kwenye tundu la gia boksi, kisha kwenye difu kule nyuma inayogeuza magurudumu, na kidole kikirudi kimelowa aliniambia, "Imeshiba." Alisogeza klachi ibaki na nafasi yake. Alipiga grisi kila penye chuchu ya grisi. Mwisho aliwasha injini nasi tukasimama kimya tuisikilize, watoto wakituchungulia kama watu wanaosali.

Nilizipenda Jumamosi zile kuliko nilivyotarajia. Kwa kuwa tulikuwa kazini, hakuna aliyetuingilia, na mtu akiwa chini ya gari husema mambo ambayo hawezi kukuambia machoni.

Halafu mvua zikakataa. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na tangi letu likawa linatoa mwangwi. Shemeji alikuja Migwani kutafuta majani ya ng'ombe, na akanikuta, kama shetani alivyopenda, nimeshika kikombe cha maji ya mvua juu ya rejeta.

"Shemeji," akasema polepole, "watoto wanakunywa maji ya chumvi, na gari inakunywa ya mvua?"

"Halinywi, shemeji. Njoo uone." Nilimwonyesha. Maji yalikuwa juu, pale pale yalipokuwa tangu mwezi uliopita, na nilikuwa naongeza funda tu. Rejeta isiyovuja na injini isiyochemka hazina kiu.

Aliinama akaangalia, akaguna. "Hata hivyo," akasema, "hayo ni maji ya watoto." Akaenda zake.

Nilikasirika sana, na nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa na haki. Tangu siku hiyo maji ya gari yalitoka kwenye fungu langu. Watoto walikunywa ya mvua, na chai yangu mimi niliipikia maji ya kisima. Chai ya maji ya chumvi ni adhabu, maziwa hukatika na sukari haisaidii kitu. Niliinywa mpaka mvua zikarudi, na mume wangu alipogundua alianza kupika yake kwenye sufuria yangu.

Mvua ziliporudi tulipanga kwenda Makindu kumwona mama yangu. Ni safari ndefu, kupita Mutomo na Ikutha mpaka Kibwezi, ndipo ushike lami. Wiki moja kabla yake nilisikia kitu. Kila gari lilipoanza kuondoka, mara tu klachi ilipoachiwa, chini ya kiti changu kulikuwa na sauti ndogo, tik, kama sindano inayogonga kitufe.

"Ni mawe," mume wangu akasema.

"Mawe hayangoji klachi."

"Basi ni masikio yako."

"Masikio yangu ndiyo yanayosikia hatua zako usiku ukapata chakula unapochelewa," nikamwambia. "Ingia chini."

Aliingia akilalamika, akashika propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu. Akauzungusha huku na huku. Akapitisha kidole. Kwenye krosi ya nyuma, ile ya umbo la msalaba inayouunganisha na difu, palikuwa na unga mwekundu kama pilipili. Chuchu yake ilikuwa imeziba bila sisi kujua, grisi ya ndani ilikuwa imekwisha na sindano zake za chuma zilikuwa zinasagana kavu. Ingetufikisha Ikutha labda, kisha ingekatika, propela ungeanguka na kuchimba barabara, na mtu mwenye maksai angeitwa.

Alitoka chini na unga ule kwenye kidole, akanionyesha. "Masikio yako yako sawa," akasema. Krosi mpya ililetwa na basi kutoka Nairobi, tukaifunga pamoja.

Watu huniomba niwasimulie safari ile ya Makindu, nami sina la kusimulia. Hakukutokea kitu. Tuliondoka na umande, tukapita milima tukiwa tumefunua paa, mshale wa kipimo cha joto ukapanda, ukafika mahali pake, ukatulia hapo. Mbele ya Ikutha tulisimama tukala viazi vitamu tulivyobeba. Mume wangu alieleza habari ya gereji ya zamani, nami nikamweleza mambo ya yule mama wa kushona ambayo sikuwahi kumweleza. Tulifika jua lingali juu, mama yangu akifagia ua. Nimesafiri na magari mengi tangu wakati ule, na mengi yalinipa hadithi. Safari isiyo na hadithi ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha.

Mwaka uliofuata shemeji na mke wake walikuja kwetu kwa harusi ya jamaa, wakalala. Asubuhi nilikuwa nafagia veranda nilipomwona shemeji amesimama kando ya gari, amevaa koti lake la harusini. Mke wake alikuwa ameshika kikapu, amesimama nyuma yake, umbali ule ule wa siku zote.

"Ndugu yangu," akamwambia mume wangu, "nataka hii gari leo. Mama watoto wangu anataka kuona dada yake huko Kanyangi. Hajamwona siku mingi."

Kanyangi kulikuwa na basi. Sote wanne tulijua kuna basi. Mume wangu aliniangalia, na nikaona anachofikiria, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakifikiria. Gari likikwama mikononi mwa shemeji, litavutwa na maksai, na kwa neno lake mwenyewe injini itakuwa yake. Tena barabara ya kule ina mchanga, na dereva wa lori hukanyaga klachi kama anaua nyoka.

Nilimtazama mke wake. Alikuwa anaangalia siti ya abiria, ile siti yangu, jinsi mtoto anavyoangalia mandazi ya dukani bila kuomba.

"Ngojeni," nikasema.

Nilipima oili. Niliangalia maji, nikafunga fundo langu, kisha nikalifungua tena nikamwonyesha shemeji linavyofungwa. Mume wangu aliingia chini na koti lake safi, akashika krosi zote mbili. Nilimwambia shemeji asiegeshe mguu juu ya klachi, na kwenye mchanga asipigane na injini. Alinisikiliza kama mwanafunzi, jambo ambalo sikulitegemea. Mke wake aliketi, akajaribu kujisogeza mbali na mumewe, akagundua kwamba hapana pa kusogea. Watoto walipouliza niliwajibu, "Injini inataka kupashwa moto," na wageni wetu wakaondoka.

Siku hiyo nilishona kola ya shati upande wa ndani ukiwa nje, nikaifumua, nikaishona vile vile tena. Mume wangu alifungua kabureta ya lori na kuifunga bila kufanya kitu ndani yake. Kila injini iliyosikika upande wa Kitui ilitufanya tuinue vichwa, mpaka mshona viatu akatuuliza kama tunadaiwa.

Jua likielekea kuchwa nikaisikia. Ilikuwa sauti yetu, sawasawa, bila tik. Gari lilisimama mbele ya veranda, likazimwa. Shemeji alishuka, akazunguka mbele, akaweka kiganja juu ya boneti kama anavyompapasa ng'ombe aliyelima vizuri. Kisha akampa ndugu yake ufunguo, akasema, "Iko sawa," akaingia ndani kunawa.

Mke wake alikuja jikoni kunisaidia. Kitambaa chake kilikuwa kimeteremka shingoni na nywele zimejaa vumbi, na hakukifunga. Alishika kisu akaanza kukata sukuma.

"Huyu mzee ako na kovu hapa," akaniambia, akigusa taya chini ya sikio. "Nimemuuliza. Alikatwa na waya akiwa kijana." Akaendelea kukata. "Mama, miaka hii yote mimi nilikuwa namjua mgongo."

Nilisonga ugali, na machozi yangu niliyasingizia moshi.

Asubuhi waliondoka kwenda kituo cha basi, shemeji mbele na fimbo yake, mke nyuma na kikapu. Walipofika kwenye lango letu alisimama. Nilidhani amesahau kitu. Alikuwa anamngoja.

Mashine ya posho aliipata baadaye, ya dizeli, pamoja na majirani zake, na ilisaga vizuri. Injini yetu hakuitaja tena. Lakini wiki mbili baada ya safari ile ya Kanyangi, basi la kutoka Kyuso lilisimama mbele ya cherehani yangu, na kondakta akashusha dumu zito lililozibwa kwa gunzi la mahindi. Nilichomoa gunzi nikaonja. Yalikuwa maji ya mvua.

"Imetoka kwa mzee wa Kyuso," kondakta akasema. "Amesema ni ya gari." Alipanda ngazi ya basi, kisha akakumbuka, akageuka. "Na mama watoto wake anauliza, eti injini itataka kupashwa moto tena lini?"